MSHIPA MKUU WA TUMBONI UNA KIPIMO CHAKE
Hotuba ya Katibu wa Chama kwa mkutano wa wanaushirika, kabla ya kufunguliwa soko la tumbaku

Ndugu Mwenyekiti wa Ushirika, ndugu wajumbe wa Bodi, wazee wetu, akina mama, vijana,

Tunashukuru mmefika kwa wingi, ingawa tunajua mabani bado yana majani na kuni hazijakwisha kukatwa. Hatutawachosha. Tuna jambo moja la afya, na mwisho wake tuna ombi ambalo mkutano huu utalipigia kura.

Wazee waliopo wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa vikundi vikundi wakisikiliza redio, wakiinuka hapo wanakwenda kuchimba vyoo. Kazi ile haikwisha. Maradhi ya vyoo tumeyapunguza, lakini sasa kuna maradhi mengine yanaingia polepole wala hayapigi hodi. Sisi tuliojifunzia kusoma kwenye kisomo cha watu wazima tusione haya kuulizia mambo ya madaktari. Tumesoma, tumemwuliza tabibu wa zahanati, na haya ndiyo tuliyoyapata, kwa maneno yetu wenyewe.

SISI NI WATU WA MIZANI

Ndugu wanaushirika, hakuna hata mmoja hapa anayekubali robota lake likadiriwe kwa macho. Mkishusha mzigo ghalani mnasema, "Weka kwenye mizani tuone." Karani akisoma kilo, na wewe unachungulia. Vizuri sana. Lakini mwili wako wewe mwenyewe unaukadiria kwa macho. Unasema, "Nakula, nalala, natembea, basi mzima." Leo tunasema hivi: mwili nao una vipimo vyake, na kimojawapo ni upana wa mshipa mkuu wa damu unaopita tumboni.

Kwanza tuelewane kwa jina. Hapa kwetu mtu akisema "ninaumwa mshipa" watu wanafikiri ngiri. Siyo huo. Tunaosema leo ni bomba la damu, madaktari wanaliita aota. Linatoka kwenye moyo, linapanda kidogo kifuani, linapinda kama mpini wa mwavuli, halafu linateremka mbele ya uti wa mgongo. Likiisha kupita kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, linaitwa aota ya tumbo. Hapo hutoa matawi: tawi la ini na tumbo la chakula, matawi ya utumbo, matawi mawili ya figo. Likifika usawa wa kitovu linagawanyika mara mbili, moja mguu wa kulia, moja mguu wa kushoto. Urefu wake wa tumboni ni kama sentimita 13 tu.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma damu kama lita 5 kila dakika. Ndoo yetu ya lita 20 ingejaa kwa dakika 4. Sehemu ya damu hiyo hupanda kichwani na mikononi, na nyingine nyingi huteremka kwa bomba hili, usiku na mchana, masika na kiangazi. Hakuna siku ya mapumziko.

Mtu mwembamba akilala chali na kuweka mkono juu kidogo ya kitovu anaweza kusikia kitu kinadunda. Ndilo hilo bomba. Si chango, si jini, wala si mnyoo unaotembea. Kudunda peke yake si ugonjwa.

UPANA WA KAWAIDA

Sasa hebu tuulize, bomba hili lina upana gani? Mafundi bomba watatusaidia. Lile bomba wanaloliita robo tatu, yaani robo tatu ya inchi, lina karibu sentimita 2. Basi aota ya tumbo ya mtu mzima ni karibu hivyo: sentimita 2. Kama huna bomba karibu, tazama upana wa kidole gumba chako.

Lakini watu hatulingani. Wapo wenye sentimita 1 na nusu na wapo wenye karibu 2 na nusu, na wote ni wazima. Tena bomba lenyewe halilingani juu na chini. Juu, linapoingia tumboni, ni pana zaidi. Likisha kutoa matawi ya figo linakuwa jembamba kidogo, kama mto unaopungua baada ya kugawa maji kwenye mifereji.

Mambo yanayofanya upana huo utofautiane ni haya:

Kwanza, umri. Mtoto mchanga mshipa wake haufiki hata sentimita 1. Hukua pamoja naye. Na hata mtu akisha kuwa mzima, mshipa huendelea kupanuka kidogo kidogo miaka inavyokwenda, kwa sababu ule unyumbufu wake unapungua, kama mpira uliokaa juani.

Pili, mwanamume au mwanamke. Wa mwanamume ni mpana kidogo kuliko wa mwanamke.

Tatu, umbo. Mtu mrefu na mwenye mwili mkubwa ana mshipa mpana kuliko mtu mfupi na mdogo. Hili ni la kawaida. Nyumba kubwa bomba kubwa.

Mambo hayo matatu ni ya maumbile, hayana lawama. Lakini yapo mambo mengine yanayoupanua mshipa kupita kiasi, na hapo ndipo ugonjwa unapoanza. Ukifika sentimita 3, madaktari wanasema umevimba. Kwa mtu mdogo wa umbo, hasa mwanamke, hata kabla ya 3 unaweza kuwa tayari umevimba, maana hesabu nyingine ya madaktari ni kwamba mshipa ukizidi upana wake wa kawaida mara moja na nusu, basi si mzima. Kwa hiyo kipimo kinasomwa pamoja na mtu mwenyewe.

NUNDU YA MPIRA WA BAISKELI

Wenye baiskeli watatuelewa upesi. Mpira ukiwa na mahali palipochakaa, ukijaza upepo, pale panatoa nundu. Ukiongeza upepo, je, nundu inakua wapi? Pale pale. Na kila inavyokuwa kubwa, ngozi yake inakuwa nyembamba na kazi yake inazidi kuwa ngumu. Mwisho, paa!

Mshipa nao ni hivyo hivyo. Ukuta wake ukidhoofika, damu inausukuma kila moyo unapopiga, na unapanuka. Mara nyingi huongezeka milimita 2 au 3 kwa mwaka. Hauumi. Mtu analima, anapanda mlima, anacheza ngoma, naye amebeba nundu. Ndiyo maana tukasema ugonjwa huu haupigi hodi.

Ukifika sentimita 5 na nusu kwa mwanamume, au karibu 5 kwa mwanamke, hatari ya kupasuka inakuwa kubwa kuliko hatari ya kupasuliwa, na hapo madaktari hushauri upasuaji. Sentimita 5 na nusu ni zaidi ya bomba la inchi mbili, karibu urefu wa yai la kuku. Mshipa ukipasuka, damu inamwagika tumboni, na wengi hufa kabla ya kufika hospitali.

Elimu haimkingi mtu na hili. Albert Einstein, yule mtaalamu wa fizikia aliyejulikana dunia nzima, alikuwa mvutaji wa kiko. Mwaka 1948 huko Marekani daktari Rudolph Nissen alimpasua akaukuta mshipa huu umevimba. Wakati ule hapakuwa na njia ya kuubadilisha, basi akauzungushia karatasi ya plastiki ili ushike. Mzee akaishi miaka mingine zaidi ya 6. Mwaka 1955 ukapasuka, akafa akiwa na miaka 76. Kati hapo, mwaka 1951, daktari Charles Dubost wa Paris alikuwa amefaulu kukata mshipa uliovimba na kuweka mwingine badala yake. Siku hizi wanaweka bomba la kitambaa maalumu, ama kwa kufungua tumbo, ama kwa kulipitisha kutoka kwenye mshipa wa kinena.

NANI YUMO HATARINI

La kwanza kabisa ni moshi wa tumbaku. Ndugu, hapa tusipindishe maneno. Katika mambo yote ambayo mtu anaweza kuyabadilisha, hakuna linalovimbisha mshipa huu kama kuvuta sigara au msokoto. Moshi huuchakaza ukuta wa mshipa, na aliyevuta miaka mingi amejiwekea hatari kubwa kuliko asiyevuta. Habari njema ni kwamba akiacha, nundu hukua polepole zaidi.

La pili ni presha. Presha ikipanda ni kama kujaza upepo kupita kiasi. Uchunguzi uliofanywa nchini mwetu mwaka 2012 ulikuta mtu mzima 1 katika kila 4 ana presha ya juu, na wengi walikuwa hawajui.

La tatu ni umri. Wanaopatikana zaidi ni waliopita miaka 60, na wanaume kuliko wanawake. Lakini akina mama na vijana msipumue. Madaktari wa Nairobi waliochapisha mwaka 2010 habari za wagonjwa wa Kenya walionyesha kuwa kwa wenzetu wale ugonjwa huwakuta pia wanawake, na watu ambao hawajazeeka.

La nne ni ukoo. Kama baba yako au kaka yako aliupata, mwambie daktari.

La tano ni mafuta yanayoganda kwenye kuta za mishipa. Hayo yanaweza kudhoofisha ukuta, na mahali pengine yanaziba njia badala ya kuipanua.

La sita, kwa mara chache, ni vijidudu. Kaswende isiyotibiwa, kifua kikuu na virusi vya UKIMWI vinaweza kuathiri mishipa mikubwa. Kwa hiyo mwenye dawa amalize dawa, na mwenye dawa za maisha asiziache.

Kuna jambo moja la ajabu. Wenye kisukari hupata nundu hii mara chache kuliko wengine. Lakini asije mtu akashangilia sukari yake. Kisukari kinaharibu mishipa ya macho, ya figo na ya miguu. Umekwepa shimo moja, umeingia katika matatu.

"KAROGWA"

Sasa tuseme neno zito. Mzee ametoka shambani, mzima. Ghafla anashika tumbo na mgongo, anatoka jasho jembamba, anaanguka, saa chache baadaye hayupo. Msibani watu wanaanza kunong'ona: "Hiki si kifo cha Mungu. Jana tulikuwa naye." Wanaenda kwa mpiga ramli. Mpiga ramli hataji mshipa. Anataja mtu. Na mtu mwenyewe, mara nyingi, ni bibi kizee anayeishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa jikoni.

Mikoa yetu hii ya magharibi, Katavi, Rukwa, Tabora, na kule Shinyanga, inajua damu iliyomwagika kwa njia hiyo. Hatusemi kila kifo cha ghafla ni mshipa wa tumbo. Upo moyo, upo kiharusi, zipo sumu za nyoka. Tunasema kwamba kila kifo cha aina hiyo kina sababu ndani ya mwili, na mwenye kuitafuta ni daktari. Kama tungekuwa tumempima yule mzee, pengine tungekuwa naye. Na yule bibi tungekuwa naye pia.

Kwa hiyo mkimwona mtu mzima, hasa mvutaji au mwenye presha, ameshikwa ghafla na maumivu makali ya tumbo au mgongo, anatoka jasho la baridi, anazimia: asikandwe tumbo. Asichanjwe. Asinyweshwe mizizi. Alazwe, atafutwe gari, apelekwe hospitali mara moja, na njiani wapigiwe simu wajiandae.

SWALI MNALOTAKA KUTUULIZA

Tunawaona akina baba kule nyuma mnatazamana. Mnataka kusema, "Katibu, tumbaku ndiyo imejenga bati hizi. Ndiyo imesomesha watoto. Ndiyo ushirika wenyewe. Leo unaisema vibaya mbele ya ghala?"

Swali ni halali, na jibu letu ni hili. Tangu Mpanda mpaka Inyonga, tangu Katumba mpaka Mishamo, tumbaku imelisha nyumba nyingi, na leo hatukusimama hapa kuing'oa mtu shambani. Kushika jembe hakuvimbishi mshipa. Kinachovimbisha ni kuvuta moshi wake. Mkulima wa pamba hali pamba, na mkulima wa katani hatafuni kamba. Mbona sisi tu ndio tunaofikiri ni lazima tuvute tulichokilima? Jani la daraja la kwanza unalipeleka sokoni, jani bovu lisilo na bei unalisokota unalivuta wewe. Kile alichokikataa mnunuzi unakipa kifua chako na mshipa wako.

Hata kazi yenyewe ina madhara yake. Anayechuma majani mabichi yenye umande bila kujifunika, sumu ya nikotini humwingia kwa ngozi, akatapika na kizunguzungu. Kwa hiyo vaeni nguo za mikono mirefu, na watoto wasichume majani mabichi. Na habari ya kutafuta zao la pili, iwe alizeti, iwe karanga, tutaizungumza katika mkutano wake, kwa hesabu, siyo kwa maneno.

KIPIMO KINAPATIKANAJE

Msiogope. Kupima mshipa huu hakuhitaji kisu wala sindano. Ni ile mashine ya ultrasaundi ambayo akina mama wajawazito wanapimwa nayo kumwangalia mtoto. Unalala chali, unapakwa maji ya ute tumboni, daktari anapitisha kifaa, anasoma sentimita. Dakika chache tu. Uingereza, tangu mwaka 2013, kila mwanamume akifika miaka 65 anaitwa kupimwa mara moja. Kule wanaokutwa nao ni karibu mtu 1 kati ya 100, lakini huyo mmoja anaokolewa. Marekani wanashauri wanaume wa miaka 65 hadi 75 waliowahi kuvuta wapimwe.

Ukipimwa ukakutwa chini ya 3, nenda kalime. Ukikutwa na 3 au 4, hupasuliwi. Unaacha sigara, unatibu presha, unarudi kupimwa tarehe utakayopewa. Ukikutwa na 5 na nusu, unapelekwa hospitali kubwa ya rufaa, kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015. Kutoka Mpanda mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Mwenye nundu iliyojulikana mapema anaisafiri njia hiyo akiwa amekaa kitini. Iliyopasuka haingoji gari.

OMBI LETU KWA MKUTANO

Ndugu wanaushirika, maneno bila kazi ni upepo. Tunaleta mbele yenu mambo manne.

1. Kila siku ya soko, kabla ya mizani ya tumbaku kuanza, pawepo meza ya kupima presha mlangoni mwa ghala. Tabibu wa zahanati amekubali kuja. Akikuta presha imefika 140 kwa 90 au zaidi, atakwambia siku ya kurudi kupimwa tena. Dawa ukipewa, usiiache kwa sababu unajisikia vizuri.

2. Kila mzee aliyefikisha miaka 60, ambaye anavuta au aliwahi kuvuta, aandikishe jina ofisini. Wenye baba au ndugu aliyekufa kwa mshipa huu nao waandikishe, hata wasiovuta.

3. Sehemu ya ule mfuko wa jamii wa ushirika, ambao mwaka jana ulibaki bila kupangiwa kazi, itumike kuwapeleka wazee hao Mpanda kupimwa na kuwarudisha. Tunajua wapo wanaotaka fedha hiyo inunue turubai za ghala. Turubai ni muhimu. Sisi tunasema wazee kwanza. Mkutano ndio mkubwa, utaamua.

4. Sigara na misokoto ikome ndani ya ghala na ndani ya mikutano, kuanzia leo. Mzazi asimtume mtoto kumsokotea wala kumwashia.

Mwenye kutaka kuacha kuvuta asione haya. Aje ofisini au kwa tabibu, wapo waliokwisha acha watamshika mkono. Siku za kwanza ni ngumu, kisha zinapungua makali.

Ndugu, tumezoea kumdai mnunuzi mizani ya haki. Tuudai na mwili wetu mizani yake. Sentimita 2 ndiyo kawaida, 3 ni onyo, 5 na nusu ni hatari. Asiyeweza kukumbuka mengine akumbuke hayo matatu, na ayafundishe nyumbani jioni hii.

Sasa tunamrudishia Mwenyekiti mkutano kwa maswali na kura. Majina yataanza kuandikwa mara tu baada ya kura, pale mezani kwa karani.

Mtu ni afya.

Katibu wa Chama, kwa niaba ya ofisi